Mtu wa Pili Kwenye Kamba

Leo nataka tuzungumze juu ya kupanda mwamba. Najua wako watakaosema huyu leo kapotea njia, maana sisi wa Kilwa na Lindi ni watu wa bahari, mawe yetu ni ya matumbawe, na kwetu nchi ya juu ni Rondo. Nawaomba mnivumilie. Mazungumzo yataanzia mbali, kule Mlima Kenya, lakini yatatufikisha kwenye visima na mashimo ya huku huku kwetu.

Mlima Kenya una vilele vingi, na vinavyotajwa sana ni vitatu. Batian kina mita 5,199, Nelion mita 5,188, na Lenana mita 4,985. Lenana mtu mwenye pumzi na subira anakifikia kwa miguu yake, na ndiko Kisoi Munyao alikopandisha bendera ya Kenya wakati wa uhuru, Desemba 1963. Batian na Nelion ni habari nyingine. Hivyo ni koo la volkano ya kale. Uji wa moto uliganda ndani ya koo lile, kisha mvua na barafu zikaula mlima wa nje kwa miaka isiyohesabika, likabaki jiwe gumu limesimama wima. Njia ya miguu hakuna. Kila aliyefika juu amefika kwa mikono, vidole na kamba.

Na sisi Watanzania tusijidanganye kwamba kwa kuwa Uhuru, kwa mita zake 5,895, hufikiwa kwa kutembea, basi Kilimanjaro nzima ni ya kutembea. Jirani yake Mawenzi, mita 5,149, haikupandwa na mtu anayejulikana mpaka mwaka 1912, walipofika Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute. Mwamba wa Mawenzi umeoza, unamomonyoka mkononi, na hata leo wanaoupanda ni wachache mno.

Turudi Nelion. Njia inayotumika zaidi ni ya uso wa kusini-mashariki. Wapandaji wawili hulala kwenye kibanda kiitwacho Austrian Hut, mita 4,790 juu ya bahari, mahali ambapo maji kwenye chupa huganda usiku ingawa ikweta iko karibu mno. Wanaondoka kungali giza. Wanavuka uwanja wa barafu wa Lewis, ambao zamani ulijaza bonde lote na leo umebaki kipande, na kunapopambazuka wanakuwa chini ya ukuta. Ukuta una mita zipatazo 400. Hakuna kamba ya urefu huo anayoweza mtu kuibeba, kwa hiyo hupandwa kwa vipande, karibu ishirini, kila kimoja kikiwa hakizidi urefu wa kamba waliyo nayo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye ufundi.

Wa mbele anapanda. Wa pili amebaki chini, amejifunga kwenye mwamba, na kamba ya mwenzake inapita kwenye kifaa kilichoshikizwa kiunoni mwake. Anaitoa kidogo kidogo, wala hailegezi mno wala haikazi mno. Wa mbele akishakwenda mita chache anatafuta ufa. Kiunoni ananing'iniza kabari za chuma za kila ukubwa, nyingine ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Anachagua moja, anaipenyeza pale ufa ulipo mpana, anaiteremsha mpaka pale unapobana, kisha anaivuta kwa nguvu kuelekea chini. Ikikaa, anaipachika pete ya chuma yenye mlango, anaipitisha kamba ndani ya pete, anaendelea. Katika upandaji wa namna hii hutegemei msumari uliopigiliwa na mtu mwingine wala tundu lililotobolewa kwa mashine. Kitakachokushika ni chuma ulichokichagua mwenyewe dakika ile, kwa jicho lako na kwa kukivuta kwako.

Akiwa mita tatu juu ya kabari ya mwisho na mguu ukateleza, ataanguka mita sita kabla kamba haijakaza, na zaidi kidogo, kwa sababu kamba za kazi hii zimetengenezwa zivutike. Kuvutika huko ndiko kunakokinga mgongo wake na kunakozuia kabari isichomoke. Wala si nguvu za wa pili zinazomsimamisha. Kinachomsimamisha ni kile kifaa, pamoja na mkono usioachia kamba kwa sababu yoyote ile, hata nyuki wakija.

Wa mbele akifika mwisho wa kamba, anatafuta ukingo wa kusimama, anapachika kabari mbili tatu pamoja, anajifunga, anaita. Upepo ukiwa mkali sauti haifiki, ndiyo maana wanakuwa wamekubaliana mapema kuvutana kamba kwa ishara. Hapo wa pili naye anaanza kupanda. Kamba iko juu yake, hatari yake ni ndogo, lakini kazi yake ni nzito: kila kabari aliyoiweka mwenzake lazima aitoe. Vidole vimekufa ganzi, chuma kimeng'ang'ania ndani ya ufa, anakichokoa kwa kijichuma chembamba chenye ndoano huku amening'inia kwa mkono mmoja. Akishindwa kukitoa, au akikidondosha, kipande kinachofuata kitapandwa na kabari pungufu, na mwenzake ndiye atakayelipa. Wakiondoka pale, mwamba unabaki kama walivyoukuta.

Mimi namheshimu sana huyu mtu wa pili. Picha hupigwa wa mbele, jina la njia hupewa wa mbele, na hadithi husimuliwa na wa mbele. Ila muulizeni mpandaji yeyote aliyekomaa nini anachokitazama kwanza kabla ya kukubali kupanda na mtu. Atawaambia hatazami misuli. Anatazama jinsi mtu huyo anavyoishika kamba ya mwenziwe.

Njia yenyewe ina majina ya waliopita. Kuna Dohani ya Mackinder, ufa mpana wa wima ambamo mtu huegemeza mgongo upande mmoja na kusukuma kwa miguu upande wa pili. Kuna kipande cha De Graaf, ambacho wengi huona ndicho kigumu kuliko vyote. Juu kabisa ya Nelion kuna kibanda kidogo cha bati, unaingia kwa kutambaa. Alikijenga Ian Howell mwaka 1970. Vifaa vilidondoshwa na ndege kwenye barafu ya Lewis, naye akavipandisha mwenyewe kwa safari 13, peke yake, kwenye ukuta huu huu ninaowaeleza.

Kutoka Nelion unakiona Batian pale ng'ambo. Tofauti ya kimo ni mita 11 tu. Katikati kuna pengo la mwamba na barafu liitwalo Lango la Ukungu, na kulivuka kwenda na kurudi huwachukua wapandaji saa nyingi. Ndiyo maana wengi huishia Nelion, na sioni aibu yoyote katika hilo. Mawingu ya Mlima Kenya huja mchana. Asubuhi anga ni safi, baada ya adhuhuri theluji inaweza kuanguka, na mwamba uliokuwa mkavu unakuwa utelezi mtupu. Jambo la ajabu la mlima huu ulio jirani na ikweta ni kwamba pande zake mbili hazina kiangazi kimoja: Januari jua huupiga uso wa kusini huku ule wa kaskazini umejaa theluji, na ikifika Agosti mambo yanageuka. Mpandaji asiyelijua hilo huchagua ukuta wa barafu akidhani kachagua jiwe.

Halafu kuna kushuka. Wahenga walishasema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Wanashuka kwa kuteleza juu ya kamba, kipande kwa kipande, wakiwa wamechoka, na kila mara inabidi kamba ivutwe na kutolewa kule ilikofungwa. Ikinasa kwenye jiwe juu huko, mmoja lazima apande tena. Jua limekwisha, baridi imeingia, na ndipo makosa yanapotokea.

Nimetaja jina la Mackinder, na hapa ndugu zangu wa pwani nataka mnipe masikio yote mawili. Halford Mackinder alikuwa mwalimu wa jiografia wa Oxford. Mwaka 1899, reli ya kutoka Mombasa ilipokuwa ndiyo kwanza imefika Nairobi, alitoka Nairobi mwishoni mwa Julai na msafara wa watu wapatao 170. Wazungu walikuwa sita, Wakikuyu 96, Wamaasai wawili wa kuonyesha njia, na Waswahili 66. Ulikuwa wakati wa njaa kubwa katika nchi ile. Chakula kiliwaishia, wawili katika Waswahili wale waliuawa walipokwenda kukitafuta vijijini, na ikabidi watu watumwe mpaka Naivasha kuomba msaada.

Siku ya tarehe 13 Septemba 1899, adhuhuri, watu watatu walisimama juu ya Batian: Mackinder mwenyewe, César Ollier na Joseph Brocherel, hawa wawili wakiwa ni watu wa milimani kutoka Courmayeur, Italia. Walikuwa wamejaribu na kurudishwa kabla ya hapo. Barafu waliyoikata kwa shoka ili wapate pa kukanyaga ilikuwa ngumu hata wakaiita Almasi. Ilikuwa kazi ya kishujaa, siwanyimi haki yao. Majina ya watatu hao yamo katika kila kitabu cha mlima ule. Wale Waswahili 66, waliotwikwa mizigo vichwani na mabegani mpaka kwenye baridi ambayo mtu wa pwani hakuwahi kuiota, wamebaki idadi. Watu wa aina yetu walikuwamo katika msafara huo. Kamba haikuwafikia.

Ilipita karibu miaka 30 kabla Batian hakijapandwa tena. Januari 1929 walikipanda Eric Shipton, kijana aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la kahawa, na Percy Wyn-Harris, ofisa wa serikali ya kikoloni, na safari hiyo hiyo wakawa wa kwanza kufika juu ya Nelion. Kamba zao zilikuwa za nyuzi za mimea. Wasikilizaji wa Kikwetu, mliokulia kando ya mashamba ya mkonge, mnaijua kamba ya namna hiyo: ina nguvu ya kuvuta jahazi, ila haivutiki. Ukiangukia juu yake inakukata au inakatika yenyewe. Kwa hiyo sheria ya zamani ilikuwa moja tu, wa mbele asianguke. Kamba za nailoni zilipoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo kuanguka kukawa jambo ambalo mtu anaweza kulisimulia.

Sasa nawapeleka Septemba 1970. Waaustria wawili, wote madaktari vijana, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa wametoka kufika Batian. Mwanzoni tu mwa kushuka, jiwe alilolishika Judmaier likang'oka. Akaanguka, mguu ukavunjika mfupa ukatoka nje. Mwenzake aliyekuwa upande wa pili wa kamba akamzuia. Kisha Oelz akashuka kutafuta msaada, akapanda tena kwa mgonjwa wake. Wapandaji wa kujitolea kutoka Kenya walikwea na dawa na vifaa, wakahangaika siku nyingi juu ya ule mwamba. Rubani Jim Hastings, aliyeleta helikopta kusaidia, alianguka nayo akafa. Baba yake kijana yule, kule Austria, akafanya mpango wa kuleta kikosi cha waokoaji wa milimani kutoka Innsbruck. Baada ya zaidi ya wiki moja, Judmaier alifikishwa chini akiwa hai. Kibanda kile cha Austrian Hut, ambako tumeanzia safari yetu ya Nelion, ni shukrani ya Waaustria kwa uokoaji ule.

Kisa hiki kimenikaa moyoni kwa jambo moja. Mtu aliyevunjika mguu mahali pasipofikika hakuokolewa na kifaa cha ajabu, na helikopta yenyewe ilishindwa. Aliokolewa na watu waliojua mafundo, waliojua kufunga mtu asiyejiweza kwenye kamba na kumteremsha bila kumwangusha. Mtu hazaliwi na ujuzi huo, hufundishwa, na watu wetu nao waliupata. Mwaka 1973, miaka mitatu tu baadaye, njia ngumu ya barafu iliyo chini ya ile Almasi ilipandwa kwa mara ya kwanza na watu wawili: Phil Snyder, aliyekuwa mhifadhi wa mlima huo, na Mkenya Thumbi Mathenge. Toka hapo tumeona mengi. Mtanzania Wilfred Moshi alifika kilele cha Everest Mei 2012. Mkenya James Kagambi, mwalimu wa milima kwa miaka mingi, alifika huko huko Mei 2022 akiwa na umri wa miaka zaidi ya 60. Kamba ikimfikia mtu wetu, anakwenda nayo.

Je, sisi wa Kilwa na Lindi yanatuhusu nini?

Pwani hii imejengwa kwa kamba. Wazee wetu walifukia makumbi ya nazi kwenye matope ya pwani, wakayaacha maji yaje na kutoka mpaka yalainike, wakayaponda, wakasokota. Kwa kamba hizo majahazi yalifungwa, na kwa kamba minazi inakwewa mpaka leo. Mtazameni mkwezi wa Mchinga anavyopanda: kitanzi miguuni, panga kiunoni, mwili karibu na mti, uzito kwenye miguu na mikono ya kushikilia tu. Mwalimu yeyote wa kupanda mwamba angemsifu kijana yule kwa anavyouweka mwili wake. Kitu kimoja hana. Hana mtu wa pili. Yuko juu kama jengo la ghorofa tano au sita, peke yake, na akiteleza hakuna kamba inayokaza. Familia zilizopoteza mguu au uhai wa mtu chini ya mnazi ziko kila kijiji, nanyi mnazijua kuliko mimi.

Na kuna visima. Hapa ndipo hasa nilipotaka tufike. Mtu anashuka kuchimba au kusafisha kisima, hewa chini ni mbaya, anazimia. Mwenziwe juu anaona, moyo unamruka, anashuka kumfuata, naye anazimia. Wa tatu anafuata. Habari za namna hii tumezisikia mara nyingi mno katika nchi yetu, na hayo hayo yanatokea kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, nao wako wengi huko Ruangwa na Nachingwea. Hewa isiyo na oksijeni haina harufu ya kukuonya. Pampu ya petroli ikiwashwa ndani ya shimo, moshi wake unaua haraka zaidi.

Mtu wa kwanza angekuwa ameshuka amefungwa kamba mwilini, kifuani na mapajani, na juu yuko mwenzake aliyeishika kamba hiyo kwa kifaa kilichofungwa kwenye gogo au mti imara, asingehitaji kufuatwa. Angevutwa. Ndiyo kazi ile ile ya mtu wa pili wa Nelion, mita 400 za mwamba zimegeuka mita 15 za kisima. Kamba iwe ya kazi. Kamba ya manila ya dukani iliyoanikwa juani miaka miwili inaonekana nzima kumbe jua limeshaila, na fundo la kubahatisha huifanya iwe mbaya zaidi.

Na mapango yetu ya Matumbi, kama Nang'oma kule Kipatimu, ambako wazee walijificha na watoto wao wakati wa Vita vya Maji Maji, yanaanza kupata wageni. Wageni ni neema. Siku mmoja akivunjika mguu ndani kule gizani, tutamtoaje?

Nina maombi, na nayasema wazi. Halmashauri zetu za Kilwa, Mtama, Ruangwa na nyinginezo zitenge fungu la kufundisha vijana wachache katika kila kata kazi ya kamba ya uokoaji. Wako Watanzania wenye ujuzi wa kamba kule Kilimanjaro na katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, waiteni waje. Wakati wa kuchagua vijana hao, anzeni na wakwezi, maana urefu hauwatishi. Na ukitoka Lindi kwa barabara ya Ndanda ukafika Masasi, utaona vilima vya mwamba mtupu vimesimama juu ya mji. Pale ni mahali pazuri pa kufundishia, jiwe lake ni gumu na la kale, si kama matumbawe yetu yanayokatika. Ila wazazi, wazuieni watoto wasiyapande majabali hayo kwa kushindana, bila mwalimu na bila kamba.

Na kwako wewe unayenisikiliza sasa hivi: ukimwona mtu kazimia kisimani, usishuke. Zima pampu kama inafikika kutoka juu, ita watu, na piga simu Zimamoto, namba 114, ni bure. Aliyebaki juu akiwa mzima ndiye atakayewaongoza waokoaji mpaka kwenye kisima hicho.